Chemchemi Iliyosafishwa kwa Ajili ya Wageni

Mimi ndiye niliyeyapachika maji yetu jina la soda ya chungwa. Mgodi ulipoanza kuosha mawe yake mlimani, juu ya Kashojwa, chemchemi iligeuka rangi, nami nikawa nasimama kwenye foleni na jerikeni langu nikitangaza: "Njooni mchukue soda, gesi tu ndiyo imekosa!" Watu walicheka. Koko, bibi yangu, alinifinya sikio. Chemchemi ile aliigundua yeye, mwaka tulipofika kutoka Kivu. Akafyeka nyasi, akapanga mawe, akasema maji yake yana ladha ya kwao. Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale hakuna kingine ambacho nimewahi kumsikia akikiita chake.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba kibali cha mgodi kinakwisha, na kwamba hakitaongezwa kama maji ya chemchemi yatakutwa na matope, hakuna aliyefurahi kama yeye. Mpimaji angekuja Jumamosi kuchota maji na kuyapeleka maabara, Mbarara. Kamati ya kambi ikaamua koko azifuate chupa hadi huko, wenye mgodi wasije wakazibadilisha njiani. Mimi nikawa mkalimani. Kiingereza changu humliza mwalimu, lakini ndicho kilichokuwepo.

Jumamosi nikakuta maajabu. Njia imefagiwa, mawe yamesuguliwa kwa majivu, na maji yenyewe unaona mpaka chini!

"Koko, watakatifu wamehamia huku?"

"Funga kinywa, bageni bamefika."

Mpimaji, kijana wa Mbarara mwenye glavu, akachota, akaziba chupa, akazipanga kwenye sanduku la barafu. Koko alilipakata sanduku lile kwenye gari la mpimaji njia nzima. Dereva aliposimama Isingiro kununua ndizi za kuchoma, koko alikataa kushuka hata kwenda kujisaidia.

"Banaweza badirisha chupa," akaninong'oneza, akimkazia macho muuza ndizi.

Kule maabara, kijana alimimina maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, akakitia kwenye mashine, akatazama namba, akarudia, kisha akasema kwa Kiingereza, nami nikamwelewa hivi: "Ambia mzee, hii maji iko safi kabisa. Matope hakuna."

Nikatafsiri. Koko akapiga makofi.

"Muambie ni mimi! Nilisafishaka fasi yote, njia na mawe. Nikaweka na shabu mingi, ile jiwe jeupe ya kutuliza matope, ikalala mule usiku muzima. Mugeni hawezi kukuta fasi chafu, bana!"

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akija, hata kama hakuna cha kupika, sufuria itasuguliwa. Nikatafsiri yote. Kijana akavua glavu moja, akasahau nyingine.

"Sasa mama mzee, mimi naandika ile mashine inasema. Na chupa umelinda wewe mwenyewe. Siwezi sema si yenyewe." Kupima kwingine, akasema, ni mpaka kibali kiishe tena.

"Anasema nini?" koko akauliza, bado anatabasamu.

"Mgodi utabaki, koko."

"Lakini maji iko safi."

"Ndiyo sababu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa pale usoni kama mgeni asiyejua aage vipi. Kisha akaanza kufunga kitenge chake upya, akakifungua, akakifunga tena, na kijana wa watu akageuka kuangalia ukuta.

Tukiwa njiani kurudi, mikono yake ilikaa mapajani imeachana, kana kwamba sanduku bado lipo. Mlima wetu ukaonekana, na vumbi la mgodi juu yake.

"Tania kidogo, basi," akaniambia. "Sema ile ya soda."

Nikaanza: "Njooni mchukue..."

Akamalizia yeye, taratibu, akitazama nje ya dirisha: "Ni gesi tu njo inakosa."