Mshambuliaji wa Duka la Jezi

Mama Jezi hakujua kukaa. Mara yuko mlangoni, mara kwenye rafu anapanga upya kilichokwisha kupangwa, mara kwa kinyozi wa jirani kusikiliza taarifa ya habari, mara amerudi mbio kuuliza kama kuna mteja amekuja. Wiki hii ilikuwa imezidi. Alikuwa amepenyezewa habari kwamba tajiri wa duka la ng'ambo ya barabara anamtaka wifi yake.

Si kwa ndoa, ondoa wasiwasi. Alimtaka kwa mikono. Wifi huyo, dada wa mumewe, ndiye aliyeshona majina na namba kwenye jezi. Maduka mengine yalibandika kwa mashine ya moto, na namba zao zilibanduka kwenye kufua, saba ikageuka moja. Wifi alikata tarakimu kwa mkasi bila hata kuchora, akazipiga cherehani ukingoni mara mbili, na jezi ilichakaa namba ikiwa bado ngangari. Watu walipita maduka mengine yote kumfuata yeye. Akiondoka, Mama Jezi angebaki na nguo zile zile zinazouzwa kila kona, na duka lingejifia polepole.

Na hilo aliweza kulieleza vizuri, maana uchumi alikuwa ameusoma. Hakuusoma darasani. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu, alimwachia duka wakati hajui hata kuotea ni nini. Kinyozi ndiye aliyemfundisha, mtu mwenye redio moja na mdomo wa redio tano.

"Kwa nini mfungaji analipwa kuliko beki?" Mama Jezi aliwahi kumuuliza.

"Mabeki wamejaa tele, mama. Mtu wa kufunga mabao unamtafuta kwa tochi."

Siku redio ilipotangaza mfumuko wa bei, kinyozi alisimamisha mashine juu ya kichwa cha mtu. "Chukulia kila timu inapewa alama tatu kila wiki, ishinde isishinde. Wote mna alama nyingi. Sasa umempita nani?"

Mama Jezi alitoka nje, akazunguka, akarudi. "Kwa hiyo hela zikimwagwa kwa kila mtu na mikate ni ile ile..."

"Mkate unapanda bei. Umefaulu."

Tangu hapo akawa hashikiki. Petroli ilipopanda, kabla kinyozi hajafungua mdomo, alikuwa amekwisha kukimbilia kwa muuza vitambaa akazoa mzigo kwa bei ya zamani, kwa kuwa vitambaa huja kwa lori na lori halinywi maji. Aliringa mwezi mzima.

Sasa habari ya mjini ilikuwa mshambuliaji wa timu yao, Nyundo, ambaye mkataba wake ulikuwa ukingoni. Jumatano mwenyekiti wa klabu akasema redioni, kwa sauti ya kubembeleza: "Nyundo ni mtoto wetu. Tumemlea wenyewe. Hawezi kutukimbia kwa ajili ya hela."

Mama Jezi aliruka. "Mpumbavu huyu! Anampaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa! Mtoto wetu, mtoto wetu, kwani mtoto wenu hali? Mwongezeni sasa hivi, la sivyo ataondoka bure mbaki kulia!"

Mteja aliyenyolewa nusu akapiga makofi. Kinyozi akamtazama mama kupitia kioo.

"Na wifi je?"

"Wifi gani?"

"Kwani unao wangapi? Yule wa cherehani."

"Aa, yule ni ndugu. Hayo ni mambo ya nyumbani." Na akatoka haraka, kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Mambo ya nyumbani yalikuwa hivi. Wifi hakuwa na mshahara. Alipewa nauli, sabuni, na siku ya Ijumaa "chochote", kulingana na hali. Kilichobaki kiliitwa cha familia. Utaratibu huo aliuweka mume enzi ambazo duka lilikuwa meza moja chini ya turubai. Sasa lilikuwa na rafu hadi darini, kioo kirefu na kufuli la maana, na chochote kilikuwa kile kile. Mama Jezi hakujiona mbaya. Alijiambia kwamba akianza kumlipa wifi mshahara atakuwa amemfanya kibarua, na undugu utaota mbawa. Sababu nzuri sana, na ilimwachia hela zote.

Kwa hiyo akajaribu mbinu za bei nafuu. Akamletea soda baridi. Akamsifia kilemba. Akamuuliza habari za mgongo, mgongo ambao hakuwahi kuuulizia tangu waanze kazi.

"Wifi," akasema yule, sindano mdomoni, "una homa?"

Alhamisi mchana redio ikasema Nyundo ameondoka. Bure kabisa, klabu haikuambulia hata senti. Kwa kinyozi wanaume wazima walishika vichwa. Mama Jezi, aliyekuwa ametabiri yote, hakupata hata nafasi ya kujigamba. Miguu ilimrudisha dukani kabla akili haijaamua.

Wifi alikuwa ameinamia jezi ya shabiki mwenye hasira, anafumua jina la Nyundo, herufi moja moja.

"Wifi, nataka kukulipa mshahara," Mama Jezi akasema, bado wima mlangoni. Akataja kiasi bila kuvuta pumzi, mara tatu ya kile chochote cha mwezi mzima. "Kila mwisho wa mwezi. Tuandikiane kabisa."

Wifi akafumua herufi nyingine. "Hizo hela zinatoka wapi?"

"Hapa hapa dukani."

"Zimeingia lini?"

Mama Jezi alijua bei ya kila kitu mtaani, na jibu la kumwokoa lilikuwa neno moja tu, leo. Alimtazama yule mwanamke mgongo umepinda, na uongo ukakataa kutoka. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyopanda hadi masikioni.

"Zipo tangu mwaka juzi," akasema.

Mkono wa wifi ukasimama.

"Yule tajiri wa ng'ambo alikuja Jumatatu," akasema taratibu. "Nilimkatalia. Nikamwambia hapa kwetu hali ni ngumu, wote tumefunga mikanda, na wifi yangu angekuwa nazo angenipa. Akanicheka. Nikamfukuza kwa maneno makali, wifi, hata nikaona nimemkosea adabu."

"Wifi, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Umesema mwaka juzi."

Akainuka, akakunja ile jezi vizuri, jina likiwa limefumuliwa nusu, akamwekea yule shabiki juu ya meza. Akavua futi shingoni, akaiacha kwenye cherehani ya duka. Mkasi ulikuwa wake, akauchukua. Akasimama ukingoni mwa barabara, akaangalia magari kulia na kushoto, akavuka.