Tulijaza joint za ukuta ya mabwe na poche ya gato, hapa Makomeno (Lubumbashi)

Jambo yenu bote, bakubwa na batoto.

Ile nitaandika hapa niliifanya na mikono yangu, na ukuta iko inasimama. Mwenye kuona ni bongo, ni uongo, akuye Makomeno aisukume mwenyewe.

Mbele ya nyumba yetu kuko ukuta ya mabwe. Si matofali, si bloc. Mawe ya kweli, ile sisi huku tunaita mabwe.

Bwana yangu Placide, Mungu amupumuzishe, alikuwa anatumika ku reli. Kila dimanche, siku ya jumapili, barafiki yake balikuwa banakuya, kila moja na libwe yake, anaiweka yeye mwenyewe, kisha tunakula. Njo maana kila libwe najua nani aliiweka. Ile kubwa ya pa mulango ni ya Kalenga. Ile nyekundu ni ya Ngoie mufupi, alikuwa anaimba kuliko kutumika. Chola, Mwamba, Kasongo wa ndevu, Ilunga mwenye kuogopa muke yake...

Niache. Nitamaliza uzi yote na majina.

Sasa joint zilikuwa zimeoza. Joint ni ile nafasi ya katikati ya libwe na libwe, yenye banajaza sima, ile saruji, na muchanga. Kidole ilikuwa inaingia yote. Libwe ya Mwamba ilikuwa inatikisika sawa jino ya mutoto.

Mutoto wangu Prosper akasema:

"Mama, tubomowe hii kintu. Batoto banacheza pale. Siku moja itaangukia muntu."

Hakusema mubaya. Hata miye nilikuwa naogopa. Lakini kubomoa ukuta ya Placide? Nikamuambia tuijaze kwanza.

"Sawa. Mvua ya kwanza ikinyesha, nitasukuma libwe moja moja. Moja tu ikitikisika, ninabomoa, naweka bloc."

"Utasukuma mpaka utachoka, mutoto wangu."

Kinywa ilisema vile. Moyo haikukuwa na hakika.

Nikaita Georgette. Georgette ni maçon, fundi wa kujenga, mwanamuke, tunaimba naye ku chorale ya kanisa; miye ananiita Kambo, sawa nyanya yake. Mikono yake iko nguvu, akikusalimia utaisikia mpaka kesho.

Nilitaka kumusaidia. Nikachukua sima, nikapakaa juu ya joint ya zamani, ikangaa muzuri. Georgette akapita na musumari, akaitosha, akaiondoa yote kipande moja, sawa kigaga ya kidonda.

"Kambo, umepakaa poudre ya uso juu ya jasho!"

Kumbe unatosha ya zamani kwanza, na burin na marteau, ni kusema patasi na nyundo, polepole, mpaka vidole mbili ndani. Unapangusa bukungu, vumbi yote, na brosse, ile burashi. Kisha unamwangia mabwe maji, sababu libwe kavu itakunywa maji yote ya sima, na sima itakufa mbele haijakamata.

Georgette alichunga muchanga, akavuruga na sima na chaux kidogo, ile chokaa. Anasema sima peke yake iko nguvu sana kwa mabwe ya zamani, itayapasua.

Mara akaenda kula. Miye nikavuruga yangu.

Ya kwanza ikakuwa maji sana, ikashuka ku uso ya libwe ya Kalenga. Georgette akarudia, akasimama pale, mikono ku kiuno.

"Kambo, hii bouillie ya unga unapikia mugonjwa gani?"

Nikavuruga ingine. Ikakuwa nguvu, inaanguka vipande vipande.

"Ah, sasa ni bukari, ni ugali. Tunakosa tu mboga."

Ya tatu nikaivuruga sawa pâte ya beignet, unga ya mandazi, ile inashuka ku kijiko lakini haikimbie. Akaichota na truelle, ile mwiko ya kujengea, akaanza kujaza. Georgette akikosa cha kucheka, ujue iko muzuri.

Lakini pale pa joint nyembamba, truelle haikuingia. Sima inapakaa mabwe, tunapangusa, inapakaa tena. Mabwe ya watu yote ingekuwa sura moja ya kijivu! Nikaingia ku nyumba, nikatoka na poche yangu, ile kifuko ya kupambia gato, keki za ubatizo.

Georgette alicheka mpaka akakaa chini juu ya saki, gunia ya sima.

Nikajaza poche, nikaingiza ncha mu joint, nikakamua. Ikaingia mpaka ndani, na libwe ikabakia safi! Furaha ikanipita, nikaanza kuweka na maua kidogo pembeni, vile nazoea.

"Kambo! Hii si ubatizo!"

Akaja nyuma yangu na chuma yake ya bapa, anabonyeza kwa nguvu. Poche inaleta tu. Bila kubonyeza, ndani kunabakia upepo. Basi miye nakamua, yeye anabonyeza, tunaimba. Bantu ba njia banasimama kuangalia. Ikianza kukauka, tunapitisha brosse, kisha tunafunika na saki zenye maji, jua isiikaushe mbiyo. (Ile poche haifanye tena gato, musiogope.)

Mvua ya kwanza ikakuya mangaribi moja, jua inashuka, mvua ya kweli, ya radi. Prosper akatoka ku kazi, hakuingia hata ku nyumba. Akaanza pale pa mulango. Anasukuma na mikono, kisha na bega. Miye niko ku barza, nahesabu mabwe na majina yao.

Akafika pa libwe ya Mwamba. Akarudia nyuma, akakuya mbiyo na bega.

Miguu ikateleza. Akalala mu matope, na shemizi yake, shati nyeupe ya bureau.

Nikashuka kukimbia. Nikamukuta analala vile, mvua inamupiga ku uso, anacheka.

"Mama, mwenye kuanguka ni miye."

Bakubwa, somo yangu ni hii: ya zamani yenye kuoza uitoshe kwanza, umwangie maji, kisha ubonyeze mpaka ndani. Sima ya juu juu ni urembo tu.

Benye kujua chaux, museme kwenu banavuruga namna gani. Na kama unatumia kintu ingine ya jikoni ku kazi ya mabwe, andika hapa chini, Georgette anataka kucheka.

Prosper naye anasoma hapa. Mumuonee huruma kidogo.