Bega la Mpiga Fidla

Kila Ijumaa mimi ndiye ninayemvika Baba kanzu. Anakaa kwenye kigoda mlangoni, hapa kwetu Mafiga, ananipa kwanza mkono wa kushoto. Nauingiza kwenye mkono wa kanzu taratibu, nauinua kidogo kidogo mpaka anakunja uso, na hapo ndipo mwisho wake. Haufiki hata usawa wa sikio. Tukimaliza ananiambia, "Ahsante, fundi," kana kwamba nimempunguzia kanzu kiunoni tu, na Ijumaa yetu inaendelea.

Anaitwa Twalibu. Watu wa makamo wa Morogoro wakilisikia jina hilo bado wanauliza, "Twalibu wa fidla?" Ndiye huyo huyo. Zaidi ya miaka arobaini alipiga fidla kwenye harusi za mjini na za milimani, fidla ameibana kati ya taya na bega, na bega hilo ndilo lililolipia furaha za watu. Wazee wenzake wana sugu ya sijida kwenye paji la uso. Yeye anayo nyingine chini ya taya, upande wa kushoto, nyeusi, ukubwa wa kifungo cha koti. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba anayo. Nilimchunguza sana shingo baba wa jirani yetu, nikamwonea huruma kwamba yake haikuota.

Ah, zile Jumamosi! Kikundi chao kiliitwa Nuru ya Uluguru. Walianza kupiga baada ya sala ya alasiri, wamevaa mashati meupe aliyoyashona Baba mwenyewe, maana mchana alikuwa fundi cherehani. Mwimbaji wao alikuwa Bi Mwajuma wa Mlali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukufanya uache kutafuna. Akianza ubeti wa pili tu, kina mama wanainuka kwenda kumtunza. Wanakwenda kwa madaha, hatua mbili mbele moja nyuma, noti juu, na hakuna mwenye haraka, kwa sababu kwenda kutunza ndiko kuonekana. Na kikundi kilikuwa na sheria yake: fidla haishuki mpaka mtunzaji wa mwisho ameketi. Wimbo wa dakika nane ulifika nusu saa. Kinanda kikipumzika, ngoma ikipumzika, fidla inaendelea kumshikia mwimbaji njia. Mimi nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu, najivunia. Nilimwona Baba anafumba macho, nikadhani ni utamu wa muziki.

Asubuhi yake Mama alikuwa anapasha mafuta ya nazi yenye karafuu na tangawizi, anamkanda bega. Nyumba nzima ilinukia. Mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu mahali popote, hata kwenye pilau ya watu, kwangu ni Jumapili asubuhi, Mama yupo hai na Baba anaugulia kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie. Mama alipofariki, bakuli lile la mafuta likahamia mikononi mwangu.

Baba alificha maumivu kama wengine wanavyoficha mke wa pili. Vidole viwili vilipoanza kufa ganzi alisema ni baridi ya milimani. Shingo ilipokataa kugeuka alisema amelalia mto vibaya. Miaka tisa iliyopita, kwenye harusi moja hapa hapa mjini, mkono ulishuka wenyewe katikati ya wimbo, watunzaji bado wamesimama. Alifungia fidla kwenye sanduku lake, akalisukuma chini ya kitanda, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Nilimpeleka hospitali kwa nguvu. Editha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole mwenye mikono ya chuma, alimgusagusa bega kisha akamuuliza, "Mzee, ulikuwa unabeba nini miaka yote hii?" Baba akajibu, "Kitu chepesi tu, hakifiki hata kilo moja." Editha akamwambia kitu chepesi ukikibana bila kukiachia kwa miaka arobaini si chepesi tena. Alimpa mazoezi ya kutambaza vidole ukutani. Baba aliyafanya siku nne.

Basi mwaka huu, baada ya mfungo, Bi Mwajuma akatupigia simu kutoka Mlali. Alikuwa anamwoza mjukuu wake wa mwisho. Sauti yake ilikuwa imechakaa, anakohoa kila baada ya maneno matatu.

"Twalibu, mimi sitaki zawadi," alisema. "Nataka nisikie ile fidla mara moja kabla sijaondoka. Wimbo mmoja tu. Ukishindwa niambie sasa hivi, nijue."

"Nishindwe mimi?" Baba akasema. "Labda wewe ushindwe kuimba."

Alipokata simu nilimkodolea macho. Mtu ambaye hawezi kujivika kanzu ameahidi kupiga fidla baada ya wiki tano! Nilikasirika, nilisema mengi, na mengine sikupaswa kumwambia mzazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanvita, yule anaumwa. Atakufa akijua Twalibu alimkatalia." Hapo nikaacha ugomvi, maana nilijua si fidla peke yake iliyokuwa inaombwa. Watu wawili hawa walikuwa wametumia ujana wao kwenye wimbo mmoja.

Akalitoa sanduku. Nilimnunulia nyuzi mpya, akazifunga mwenyewe. Siku ya kwanza alisimama uani, akaiweka fidla begani, akavuta upinde mara tatu, na mkono ukashuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya sita fidla ilimponyoka kabisa, ikaangukia rundo la vitenge vya wateja wangu wa cherehani, na hiyo ndiyo bahati pekee tuliyoipata wiki ile. Baba alikaa kwenye kigoda akageukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikaingia jikoni, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia.

Kesho yake nilikwenda mjini kununua bitana kwenye duka la Dharmesh. Duka hilo lilikuwa la baba yake, marehemu Mzee Natwarlal, na kwenye baraza yake ndipo Baba alipoanzia ufundi cherehani akiwa kijana. Hilo nililijua. Dharmesh, naye sasa mtu mzima mwenye mvi, aliniuliza hali ya Baba, nikajikuta namweleza yote palepale kwenye kaunta.

"Ajabu," akasema. "Baba yangu alipiga mpaka wiki aliyofariki. Miaka themanini na nne. Hakuwahi kulalamika bega."

"Mzee Natwarlal alikuwa anapiga fidla?"

Dharmesh akanishangaa. "Dada Mwanvita, baba yako alifundishwa na nani, unadhani?"

Aliingia ndani akarudi na picha ya zamani, kingo zake zimeliwa na wadudu. Ni baraza ile ile. Mzee Natwarlal ameketi chini kwenye mkeka, miguu ameikunja. Fidla haiko begani. Kitako chake kimeegemea kifuani, shingo ya fidla imeteremka mpaka imetulia juu ya kifundo cha mguu, na mkono wa kushoto umelegea kama wa mtu anayepumzika. Kando yake ameketi kijana mwembamba, amekaa vilevile, fidla ameishika vilevile, anacheka. Nilimtambua kwa masikio yake makubwa: ni Baba. Nikamwomba Dharmesh picha ile siku mbili.

Baba aliishika muda mrefu. Nilimwuliza swali moja tu: kwa nini hakuniambia? Ndipo akanisimulia jambo ambalo hata Mama sidhani kama alilijua vizuri.

Mwaka sabini na nne alikwenda kujaribiwa kwenye kikundi. Alikuwa na miaka ishirini. Wenzake wote wamesimama au wameketi kwenye viti. Yeye akatandika mkeka wake, akavua viatu, akaketi kama alivyofundishwa na mwalimu wake. Kabla hajavuta upinde, msichana mmoja mrefu akapaza sauti: "Jamani, huyu kaja kupiga fidla au kaja kukamua mbuzi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Msichana huyo alikuwa Mwajuma.

Sasa, ukoo wa Mwajuma na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukunyang'anya kuku, na kwenye msiba wako anaweza kujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Hukasiriki. Unamrudishia yako, mnacheka, yanaisha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Baba alipaswa kumjibu kwamba ndiyo, nimekuja kukamua, na mbuzi mwenyewe ni wewe. Watu wangecheka mara ya pili, naye angepiga fidla yake kwenye mkeka maisha yake yote.

Hakujibu. Alicheka kidogo, akakunja mkeka, akasimama, akaibana fidla chini ya kidevu kama alivyoona kwenye picha za kina bwana wa Pwani. Kosa lake lilikuwa hilo tu, kijana wa Kiluguru kuupeleka utani moyoni. Alikuwa amempenda Mwajuma tangu alipomwona anaingia mlangoni, nadhani, ingawa hilo hakulisema na mimi sikuuliza. Mzee Natwarlal alipomwona siku moja mtaani anapiga amesimama, alimwambia, "Twalibu, bega utalihitaji ukiwa mzee." Baba aliona haya, akahamisha cherehani yake kwenye baraza nyingine. Hakumpigia fidla mwalimu wake tena.

"Na Bi Mwajuma anajua?" nikauliza.

"Ajue nini? Ulikuwa utani."

Jioni ile nilitandika mkeka uani. Baba aliuzunguka mara mbili kama mtu anayekagua maji kabla ya kuyaingia. Kuketi kulitaka msaada wangu, magoti nayo yana habari zake. Lakini fidla ilipoegemea kifuani na shingo yake ikatulia mguuni, mkono wa kushoto haukuhitaji kuinuliwa popote. Vidole vilikuwa vizito, viwili bado havisikii vizuri. Akapiga sauti moja, akaivuta, akaivuta. Baada ya wiki mbili wateja wangu walikuwa wanaleta nguo zisizohitaji kushonwa, wapate tu sababu ya kukaa.

Siku ya harusi Mlali palikuwa na spika kubwa kuliko nyumba yenyewe. Vijana wa muziki walimwekea Baba kiti kizuri cha kitambaa chekundu. Akakikataa, akaomba mkeka. Nikautandika mimi, nikamvua viatu, nikamsaidia kuketi. Akaiteremsha fidla mpaka mguuni. Vijana kadhaa walicheka, simu juu, wanamrekodi. Mimi sikuwatazama hao. Nilimtazama Bi Mwajuma, ameketi mbele kwenye kiti cha bibi wa bibi harusi, amekonda, amejifunga kanga mpya. Nilisema moyoni, mwanamke huyu akicheka leo, mzee wangu ndio basi tena.

Alimtazama Baba muda. Kisha akashika fimbo yake akainuka, na watu wakampisha wakidhani anakwenda kutunza. Hakuwa na noti mkononi. Alifika kwenye mkeka, akavua ndara, na kwa msaada wa wajukuu wawili akashuka akaketi kando ya Baba. Alidhani anamnong'oneza. Kipaza sauti kilikuwa pale chini kwa ajili ya fidla, kwa hiyo tulisikia sote.

"Ndivyo ulivyokuja siku ile," alisema. "Ningeufunga mdomo wangu, Twalibu, ungekuwa na bega."

"Mtani haombi radhi, Mwajuma."

"Najua. Leo naomba."

Baba aliiweka sawa fidla mguuni. Alivuta upinde, akampa mwanzo wa wimbo. Bi Mwajuma akaimba beti tatu, sauti imepasuka, inaishia njiani, na kila ilipoishia fidla iliichukua ikamfikisha. Kina mama wakainuka. Walikwenda kwa madaha yale yale, hatua mbili mbele moja nyuma, na safari hii iliwabidi wapige magoti kuwafikia. Mstari ulikuwa mrefu mpaka nje kwenye migomba. Kwa kulijua bega lile, siku nyingine ningehesabu vichwa kwa uchungu. Siku ile niliomba Mungu aongeze watu. Fidla haikushuka mpaka wa mwisho alipoketi.

Asubuhi yake, nyumbani, niliamka mapema nikapasha mafuta kwa mazoea, nikatia karafuu na tangawizi. Nikamletea Baba bakuli. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, fidla mguuni.

"Ya nini hayo?" akauliza.

"Ya bega."

Akalijaribu, akalizungusha kidogo alivyoweza. Akanitazama kama mtu aliyekosewa.

"Haliumi kuliko jana," alisema. Kisha akaongeza, "Miaka hamsini, Mwanvita. Nilikuwa naujua mkeka miaka yote hamsini."

Nikaketi kando yake. Mafuta nikayaweka chini yakapoa.