Dereva wa Seneta Ashusha Pumzi

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano, Claudette Thibeault anafuta vumbi kwenye gari ambalo kuanzia Januari halitakuwa na seneta wa kubeba. Anapiga mluzi.

"Usiandike nimefurahi," anamwonya mwandishi. "Andika nimepumua."

Claudette, 59, amemwendesha Seneta Merrill Haskins miaka kumi na tisa, maili mia tatu kila mwisho wa wiki, katika vijiji vya kaskazini mwa Maine, Marekani. Jana mzee huyo wa miaka 84 aliangushwa kwenye kura za mchujo za chama chake na Dana Pelkey, mwalimu wa miaka 43. Walipishana kura 1,912.

Usukani ulikuwa nusu ya kazi. Kabla mzee hajashuka, Claudette humnong'oneza: nani yuko mlangoni, mkewe nani, nani kafiwa. Zamani ilikuwa kumkumbusha tu. Siku hizi, anasema, ni kumbeba mzimamzima.

Mwezi Mei, kwenye karamu ya maharage ya kanisa, ambako wagombea hufunga aproni na kuwapakulia wapigakura, mambo yaliharibika. Seneta alimpakulia mjane mmoja, akamuuliza kwa bashasha, "Alphonse yuko wapi leo? Mwambie bado namdai mchezo wa karata."

Jeneza la Alphonse, mume wa mjane huyo, Seneta alikuwa amelibeba yeye mwenyewe, Februari.

Dana, aliyekuwa akipakua kwenye chungu cha pili, alisikia kila neno. Angeweza kumwanika mzee magazetini. Badala yake alimshika mjane mkono, akamtafutia kiti, na hakulisema popote.

Jana Claudette alimpigia Dana kura, kisha akalia garini. "Nimekula chumvi ya yule mzee. Nilijiona msaliti, we acha tu."

Saa moja kamili Seneta anatoka na kikombe cha kahawa. Leo anakaa kiti cha mbele.

"Claudette, jana ulimpigia nani?"

"Pelkey, Seneta."

Mzee anakunywa kahawa taratibu. "Afadhali. Kila mtu ananiambia niko imara kama chuma. Nilidhani sina rafiki hata mmoja wa kuniambia ukweli."

Wote wawili wanacheka, mpaka Claudette anatafuta leso.

Januari ataanza kuendesha basi la shule. Jumamosi atampeleka mzee kuvua samaki, bila aproni, bila kunong'onezana.

"Siku akilisahau jina langu, atakuwa amenisahau mimi tu, si jimbo zima," anasema. "Hilo naliweza."