Sori Yangu Imenipeleka Ofisini

Leo nimekiri kosa ambalo sikulifanya, na darasa zima likanipongeza.

Chuo chetu hapa Toronto ni kidogo kiasi kwamba ukipiga chafya, unaitiwa kikao. Darasa la maadili tuko tisa. Tunakaa duara, ili tukinyamaza tuangaliane vizuri.

Profesa kaingia, kajikwaa kwenye mkoba wake mwenyewe. Kahawa yote ikaishia kwenye laptop yake.

Mimi, mtoto wa Morogoro mwenye adabu zangu, nikaropoka: "Sori, Profesa!"

Jamani, nilikuwa nampa pole! Kiingereza chote hiki, neno pole hawana.

Akanigeukia, suruali inachuruzika kahawa. "Asante kwa kuwajibika," akasema.

Kuwajibika? Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa duara. Labda nilimpiga mtama kwa macho.

Nikajaribu kueleza. Dada aliyekaa pembeni yangu akanishika bega: "Usijitetee, lililo gumu umeshalifanya."

Wengine wakapiga makofi. Makofi!

Saa nane nikaitwa kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye boksi la tishu mezani, kumbe kaniwekea mimi za kulilia. Nikamsimulia yote, tangu mkoba hadi suruali.

Akashika kifua. "Oh, sori sana!"

Nikamuuliza, "Kumbe ni wewe uliyemwaga?"

Sasa nipo kwenye basi narudi nyumbani, Etobicoke. Kikao cha pili ni Alhamisi.

Pole zenu nazipokea hapo chini. Kwa Kiswahili tu, tafadhali.