Mafuta ya Alizeti Ndani ya Mtutu

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa sita, baridi ya Mufindi ikiwa imekaza, baba yangu aliweka maganda manne ya risasi juu ya meza ya chakula, kati ya sahani ya viazi na birika la chai, akaniambia, "Mama, wewe umesoma. Hebu yaangalie haya." Aliniita mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na kila aliponiita hivyo nilijiona mrefu kuliko nilivyo.

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi Mbeya, na cheti changu kilikuwa hakijapata hata mkunjo mmoja. Nyumbani kwetu ni ndani kidogo kutoka Nyololo, mahali ambapo mashamba ya mahindi na viazi yanashuka hadi kwenye bonde la matete. Katika matete yale walilala nguruwe pori. Baba ndiye pekee kitongojini aliyekuwa na leseni ya bunduki, kwa hiyo mashamba ya watu yalipovurugwa, yeye ndiye aliyeitwa. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja miaka yote: vijana na mbwa huingia matete kutoka juu, wakipiga madebe, na baba husimama peke yake upande wa chini, kwenye njia ya kutokea. Nguruwe dume akitokea pale haombi njia. Anayemsubiri hutegemea risasi ya pili, kwa sababu ya kwanza mara nyingi humkasirisha tu. Msako ulikuwa umepangwa Jumamosi.

Nikayaangalia yale maganda. Kila moja lilikuwa na mwili wa plastiki nyekundu na kitako cha shaba, na kila kitako kilikuwa kimeng'oka kipande ukingoni, kama ukucha ulioumwa kwa meno. Bunduki ya baba ni ile inayojirudisha yenyewe: risasi ikilia, chuma cha ndani hurudi nyuma, kucha ndogo iliyo mbele yake hunasa ukingo wa ganda, hulivuta, hulitupa nje, na risasi nyingine huingia kabla hujapepesa macho. Niliifahamu vizuri, maana tangu nirudi nilijipa kazi ya kuisafisha kila Jumapili baada ya ibada, nikiipaka mafuta mpaka ing'ae.

Nikafikiri kwa haraka ya mtu aliyefaulu mitihani. Ukingo unachanwa, kucha ndiyo inayoushika, basi kucha ni kali mno. Jumanne baba alipokwenda shambani, nilichukua tupa nikaipunguza ile kucha makali pale pale kwenye meza ya chakula. Sikumwuliza mtu. Sikumwambia mtu.

Jumatano baba akaijaribu kwenye kichuguu. Risasi ya kwanza ikalia. Ganda halikutoka, kucha niliyoifanya butu iliteleza tu ukingoni. Risasi ya pili ikasukumwa nyuma ya ganda lililobaki ndani, ikapondeka. Baba akasimama akiitazama bunduki iliyofunga mdomo. Nami nilimwona, kwa macho ya akili yangu, akiwa amesimama vivyo hivyo chini ya bonde. Akaitoa risasi iliyopondeka taratibu, akasema, "Kesho twende Kihesa."

Kihesa, mjini Iringa, alikaa fundi wa bunduki mwenye kibali, Mzee Athumani, ambaye babu yake alipanda huku kutoka pwani na biashara ya vitambaa. Tulifika kwa basi, bunduki ikiwa imefunguliwa na kutiwa mfukoni mwake, leseni ikiwa kwenye mfuko wa shati la baba.

"Kamwene, fundi," baba alisalimia.

"Kamwene, kaka. Karibuni. Leo umekuja na mlinzi?"

"Huyu ni binti yangu. Amesomea mashine Mbeya."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Basi leo nitafanya kazi na wenzangu."

Alihakikisha bunduki ni tupu, kisha, kwa mshangao wangu, akaiweka kando. "Nipeni maganda," alisema. "Bunduki ina aibu, haisemi. Ganda linasema lilikopita."

Akayapanga mezani, yote yakiangalia upande mmoja, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila moja, polepole, akiwa amefumba macho. Sijawahi kuona mtu akisoma kitu kwa heshima ile, mwanangu. Alianza kwenye shaba iliyochanika lakini hakukaa hapo. Alipanda kwenye mwili wa plastiki, akasimama, akarudi, akasimama tena pale pale. Kisha akalinusa ganda moja, akafumbua macho.

"Binti, nyumbani mnapikia mafuta gani?"

Nilikasirika. Nimesafiri na bunduki, naulizwa habari za jikoni! "Ya alizeti," nilijibu. "Tunakamua wenyewe."

"Na hii mnaipaka mafuta gani?"

"Hayo hayo," nilijibu. Mafuta ya bunduki yalikuwa yamekwisha zamani, na alizeti yetu ilikuwa safi, ya rangi ya dhahabu. Nani angeshuku mafuta tunayokula?

Mzee Athumani akaubeba mtutu hadi mlangoni. Akaushika ukielekea jua la saa nne, akaniita nichungulie upande wa nyuma, pale risasi inapokaa. Mpaka leo sina maneno ya kutosha kwa nilichokiona. Ndani ya kile chuma mlikuwa na duara za mwanga, moja ndani ya nyingine, zikienda mbali kuliko urefu wa mtutu wenyewe, kana kwamba mtu amefungua dirisha la mbinguni katika karakana ya bati. Halafu, karibu na jicho langu, nikaona utando wa kahawia, mzito, wenye michirizi. Niliufahamu. Ulikuwa utando ule ule unaobaki kwenye kikaango cha mama, ambao hauondoki mpaka ukwanguliwe.

"Mafuta ya kula yakipata joto hugeuka gundi," alisema fundi nyuma ya bega langu. "Ganda hupanuka likilia, likanasa kwenye gundi. Kucha inavuta, na yenyewe inafanya kazi yake kwa uaminifu. Kwa hiyo shaba inachanika. Mngefunga kucha mpya kumi, zote zingechana."

Akanipa brashi ya shaba, mafuta ya taa na kitambaa. "Wewe ndiye uliyeyapaka. Yatoe." Nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi, na utando ukatoka kama masizi.

Tuliporudi mezani alikuwa ameishika ile kucha kati ya vidole viwili.

"Hii imepigwa tupa," alisema bila kuinua sauti. "Nani kaipiga?"

Baba akakohoa. "Ni mimi, fundi. Uzee huu."

Mzee Athumani akaitazama mikono ya baba, mipana, yenye nyufa za udongo mweusi. Akaitazama yangu. "Uzee una mambo," alisema. "Basi, kaka, ukimwona huyo mzee mpigaji tupa, mwambie jambo moja. Chuma kikishaondoka hakirudi. Anayeanza na tupa kabla hajauliza, anafuta ushahidi."

Wangeweza kuliacha hapo. Mtutu ulikuwa umetakata, na baba alikuwa ameshanisitiri. Lakini nilipomtazama akiwa amesimama mbele ya mwanamume mwenzake amebeba ujinga wangu, nikasogea mbele.

"Baba, ni mimi. Na mafuta ni mimi."

"Najua, mama," alijibu baba. "Jumanne nilifuta vumbi la chuma pale mezani. Nilikuwa nakusubiri."

Mzee Athumani akacheka mpaka akashika meza. "Afadhali! Nilikuwa naanza kumwonea huruma huyo mzee." Akatafuta kwenye kopo lake la vyuma vya bunduki zilizokufa, akapata kucha iliyofaa, akaifunga, akaijaribu mbele yetu kwa risasi bandia mara nyingi. Kila mara ilitoka nzima.

Jumamosi nilisimama juu ya bonde na kina mama. Tulisikia madebe, tukasikia mbwa wakigeuza sauti, kisha mlio mmoja, na kabla mwangwi haujafika mlimani, wa pili. Halafu kimya, ambacho sitakisahau. Baba akapanda polepole kati ya viazi, akafungua kiganja chake mbele yangu. Maganda mawili, bado ya moto, kingo zake za shaba nzima kama mwezi mpevu. Moja ninalo hadi leo kwenye meza yangu ya kazi.

Mwanangu, miaka mingi nimetengeneza mashine za chai, na vijana wengi wamenijia na tupa mkononi. Nakuambia niliyoambiwa: kitu kikiharibu kingine, usiadhibu kilichokuwa karibu na jeraha. Kusanya maganda, yapange, yaulize yalikopita. Na usijiondoe kwenye orodha ya washukiwa. Madhara makubwa niliyowahi kufanya niliyafanya kwa upendo, kila Jumapili, kwa mafuta safi. Ukigundua kuwa ni wewe, sema mapema, kwa maana kuna mtu anayekupenda ambaye huenda ameshafuta vumbi lako na anakungoja tu.

Mungu akupe mikono yenye subira na macho ya kuchungulia hadi mwisho wa mtutu. Akujalie mtu wa kukusubiri kama baba alivyonisubiri, na siku moja akufanye nawe uwe wa kumsubiri mwingine.