Mtoto Asiyejulikana Kwenye Jalada

Lillian si mtu wa kupandisha sauti. Sisi majirani zake wa Batsinda, hapa Kigali, tunamjua kama mwanamke anayetoka asubuhi akiwa amepigwa pasi hadi kola, anaelekea Nyarutarama, ambako anasimamia nyumba moja ya wageni: mashuka, chai, wapishi, funguo. Jioni anarudi kwa mama yake, bibi Mukandekezi, ambaye macho yamechoka lakini ulimi haujachoka hata kidogo. Kwa hiyo Jumamosi ile nilipomsikia akifoka kwenye simu mpaka nje ya geti, niliacha nguo zangu kwenye beseni nikaenda kumwona.

Alinisukumia simu machoni. Kulikuwa na picha ya jalada la kitabu. Msichana mdogo, nguo imechanika begani, machozi yanamtiririka, ameshika waya wa miba. Juu yake maneno makubwa mekundu: Machozi Nyuma ya Waya. Chini, kwa herufi ndogo, jina la Lillian.

"Hiki ndicho kitabu cha mama?" niliuliza.

"Ndicho. Mama yangu wamemfanya ombaomba, tena wamemtangazia dunia nzima kabla mimi mwenyewe sijaona!"

Kitabu chenyewe nilikijua, maana miaka kadhaa alikuwa akinisimulia anavyokiandika. Alikuwa akiandika mchana, kwenye kompyuta ya kazini, wageni wakiwa matembezini. Ni habari za mama yake. Familia yao ilikimbilia Tanzania, upande wa Karagwe, Mukandekezi akiwa bado msichana. Huko akaolewa, akazaa, akalima. Shule hakwenda. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana watoto, katika darasa la watu wazima lililokutana jioni kwenye ghala la kahawa, na alipokwisha kujua akageuka kuwa mwalimu wa darasa hilohilo. Wanawake wengi wa makazi yale walishika chaki kwa mara ya kwanza mbele yake. Lillian alikipa kitabu jina la Mwalimu wa Darasa la Jioni.

Watu walimshauri aandike kwa Kinyarwanda, au Kiingereza ili kisomwe mbali. Aliwajibu wote jibu moja. Mama anasema Kinyarwanda tangu kuzaliwa, lakini kwenye karatasi macho yake yanajua Kiswahili tu, na kitabu kinachomhusu lazima akisome mwenyewe.

Hakuna kampuni ya vitabu iliyomwita, naye hakungoja kuitwa. Aliamua kukitoa mwenyewe, kama wanavyofanya waandishi wengi hapa Kigali. Akaelekezwa kwa Eddie, kijana aliyekulia Kampala, mwenye ofisi nzuri mjini. Kazi yake ni kuwapangia waandishi kurasa, kuwatengenezea jalada na kuwapelekea kazi kiwandani ichapwe. Lillian alimwomba mambo matatu tu. Herufi ziwe kubwa, kwa ajili ya macho ya mama. Jina la kitabu lisiguswe. Na kwenye jalada iwekwe picha aliyomkabidhi: Mukandekezi amesimama mlangoni kwake Karagwe, gauni limepigwa pasi, mkono mmoja kiunoni, anamcheka mpiga picha.

Eddie aliitikia yote. Halafu, bila kumwonyesha, akaweka lile jalada la machozi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, akampongeza "mteja wetu shujaa." Aliyempigia Lillian simu ni binamu yake, Kellen.

"Hivi sisi tulikaa nyuma ya waya lini?" Kellen alimuuliza. "Karagwe tulikuwa na migomba. Waya ulikuwa wapi?"

Jumatatu yake Lillian aliomba ruhusa kazini akaenda mjini. Alinichukua nimsindikize, akasema anaogopa atavunja kitu.

Eddie alitupokea vizuri, akaita soda. "Anti Lillian, tulia kwanza. Hii picha ndiyo inaongea. Yule mama wa kucheka iko sawa kwa ukuta wa nyumbani, lakini mtu akisikia mkimbizi anataka kuona mateso. Bila hiyo, kitabu haiuziki."

"Nani alikwambia nauza mateso?"

"Soko, Anti."

"Soko lilimjua mama yangu? Nilikupa picha yake, nikakupa jina. Umeyatupa yote mawili, ukaweka mtoto wa watu na waya ambao haukuwepo!"

Eddie alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Akatoa kurasa za sampuli, akidhani zitampoza. Ndipo mambo yakaharibika kabisa. Herufi zilikuwa ndogo kama zile za karatasi inayokaa ndani ya boksi la dawa. Mistari ilibanana, na upande wa ndani maneno yaligusa ukingo, kitabu kikishonwa ingebidi ukipasue ndipo usome. Lillian alianza kusoma kwa sauti, akakwama kwenye mstari wa pili.

"'Mama alicheka karma mtoto.' Karma ni nini?"

Eddie aliinama akatazama. "Ah, hiyo ni kompyuta. Ilisahihisha."

"Ilisahihisha nini? Niliandika 'kama.' Nilikosea wapi?"

Tukaangalia zaidi. Kila "kama" ya kurasa zile ilikuwa imegeuzwa "karma." Neno ng'ombe lilikatwa mwisho wa mstari, ng upande huu, ombe upande ule, na ile alama ya juu imeanguka isijulikane ilikokwenda. Kompyuta iliambiwa kitabu ni cha Kiingereza, ikakitendea hivyo. Na Eddie hakusoma hata ukurasa mmoja.

"Hivi vitu vidogo, Anti. Watu wanaangalia jalada," alisema.

Lillian alikusanya zile kurasa, akazitia mkobani, akaondoka. Soda yake hakuigusa. Mimi yangu nilikuwa nimekwisha kuifungua, nikaiacha na aibu zangu.

Alitaka kumficha mama yake jambo hilo, lakini mambo ya mtandaoni hayafichiki. Watu wa kanisani walikwisha kumpa bibi pole kwa mateso aliyopata nyuma ya waya. Tulipofika alikuwa amekaa barazani, anatusubiri.

"Nionyeshe hicho kitabu changu," alisema.

Lillian alimpa simu. Bibi aliisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Nilidhani atalia, au atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Huyu mtoto ni nani?"

"Sijui, mama."

"Wa wapi?"

"Sijui. Nadhani Eddie ameitoa mtandaoni."

"Ana mama yake?"

Lillian aliinama akaitazama tena picha.

"Basi mama yake aliulizwa? Maana mimi mtu akimchukua mwanangu analia, nguo imechanika, akambandika kwenye kitabu cha familia ya watu wengine, nitakwenda kwake na jembe." Bibi alirudisha simu. "Mimi niacheni. Mimi ni mzee, wakinichora hata na mkia nitacheka. Huyu mtoto je?"

Hapo ndipo nilipoona hasira ya Lillian ikibadilika rangi. Mpaka wakati ule alikuwa amekasirika kwa ajili ya mama yake na ya jina lao. Ukweli ni kwamba sisi sote tulimwangalia yule msichana kama doa kwenye kitabu chetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama naye ni mtu, kwamba pengine sasa hivi yuko mahali, amekua, na kilio chake cha siku moja kinaendelea kuuzwa.

Kesho yake alimpigia Eddie mbele yangu, simu ikiwa na sauti ya nje.

"Yule mtoto anaitwa nani?"

"Anti, ni picha ya intaneti. Hawezi kujua."

"Sikukuuliza kama atajua. Nimekuuliza jina lake."

"Sina."

"Basi mtoe. Leo. Na jina langu ulitoe pale alipo."

"Sawa, nitatoa. Lakini nakwambia utanitafuta. Hiyo kitabu na mama anacheka, hakuna mtu ataishika."

Alitoa kweli, jioni ile. Lakini wengine walikwisha kuisambaza, na mpaka leo ukitafuta jina la Lillian yule msichana hujitokeza. Jambo hilo halijaisha, na sijui litaishaje.

Kitabu chenyewe kilipata njia kwa mtu mwingine. Kellen alimjua mzee mmoja wa Gisozi, Silvère, aliyerudi kutoka Bukavu na aliyewahi kuchapa vitabu vya nyimbo za kanisa. Chumba chake kiko nyuma ya mafundi wa makabati, na kila karatasi yake ina vumbi la mbao. Alizipokea kurasa za Eddie, akazipapasa kama mtu anayeangalia kitambaa sokoni.

"Madamu, hii walifinya sana," alisema. "Mistari iko juu ya mistari, hakuna hewa. Mama iko na miaka ngapi?"

"Amepita themanini."

"Basi tusibishane mimi na weye. Yeye ndiye atachagua."

Alichapa ukurasa uleule mara kadhaa, kila mara herufi zikiwa na ukubwa na umbo tofauti, Lillian akazileta nyumbani. Bibi Mukandekezi alizisoma barazani, mchana kweupe, sisi majirani tukimsikiliza. Ya kwanza aliitupa chini. Ya pili alisema herufi zina mapambo mengi, a haitofautiki na o. Nyingine ilikuwa kubwa vizuri lakini mistari ilimpotea, akirudi mwanzo anasoma uleule. Ndipo akashika moja akaanza kusoma, taratibu, kidole chini ya maneno kama alivyofundishwa kwenye ghala la kahawa. Alisoma ukurasa mzima. Ulikuwa ule wa mwanawe aliyekufa kwa surua, mdogo wake Lillian. Sauti haikutetemeka. Alipofika mwisho alisema, "Hii," akaiweka pajani, na sisi hatukujua tutazame wapi.

Silvère alikipanga kitabu kwa herufi hizo. Kurasa ziliongezeka, kitabu kikanenepa, akasema ni bora kitabu kinene kinachosomwa. Kila ng'ombe alirudishiwa alama yake. Lillian alisoma kurasa zote mwenyewe na kalamu nyekundu, akiwinda isipenye tena hata "karma" moja. Kwenye jalada Mukandekezi anacheka, mkono kiunoni.

Ningependa kusema kilipokelewa kwa shangwe. Kanisani walikichukua wengi, hasa wa Karagwe. Duka moja mjini lilikiweka chini kabisa, karibu na kalenda za mwaka uliopita, muuzaji akasema kinafanana na albamu ya harusi. Lillian alikwenda akavichukua vyote akaondoka navyo.

Wiki iliyopita alirudi kutoka kazini, nikaona tena ile hatua ya haraka. Mgeni mmoja pale Nyarutarama alikuwa ameona mtandaoni kitabu cha yule msichana wa waya, akamuuliza kama ndicho chake. Lillian alimweleza, akamletea nakala. Mgeni akafunua huku na huku, akitafuta picha, kisha akasema kwa adabu kwamba yeye alitarajia kitu cha kuhuzunisha zaidi.

"Nilimfungulia ukurasa wa mdogo wangu," Lillian aliniambia. "Anajua Kiswahili, amekaa Arusha. Nikamwambia, soma hapa, ukimaliza uniambie kama huzuni imekupungukia."

"Akasoma?"

"Akasoma. Akasema samahani, akatoa pesa akinunue, kama mtu anayetoa sadaka."

"Vizuri basi."

"Vizuri nini?" Alifungua mkoba, akanionyesha kitabu. "Nilimnyang'anya nikarudi nacho."